Kaya Zilizohama Bila Kuaga

...elfu ishirini na mbili mia nne, mia tano, haya mama twende, mia sita, na hapo inasimama, namba imeganda kwenye kona ya skrini kana kwamba imesahau ilichotumwa, halafu mia saba, afadhali, maana mwisho wenyewe ni elfu sitini na moja na ushei, watu wote wa mradi wa afya, kuanzia Bungu mpaka huko visiwani kwenye mikoko, mashine inampitia mmoja mmoja na kumuuliza unakaa wapi, na mimi nimekaa hapa mikono mapajani kama mgeni aliyekuja kuposa, sina la kufanya, nikigusa kitu naharibu, na nje gari linanguruma, nesi Mwanaamina ameshapanda mbele na sanduku lake la chanjo miguuni, "Mwantum! Hiyo orodha ya wajawazito vipi?" ... "Bado kidogo, dada!" ... bado kidogo, kidogo gani, nimeshapiga hesabu mara tatu, watu elfu mbili kwa dakika, bado dakika ishirini, na printa yetu ile inayolia kama inachinjwa inataka dakika tano zake, jumla ishirini na tano, na yeye anasema dakika kumi na tatu tu halafu anaondoka, maana boti ya mashine inawangoja kule chini, maji yakianza kupwa mkono wa mto unabaki tope tupu, boti haipiti, na safari nyingine ni Alhamisi ijayo, na Zabibu hana Alhamisi ijayo, mwezi wake ni huu, mdogo wangu Zabibu, mimba ya tatu, ya kwanza ilitoka, ya pili alizaa mtoto asiyelia, presha, walisema, presha ilipanda na hakuna aliyeipima, na safari hii Mama ametuma salamu kwamba miguu imevimba viatu haviingii na kichwa kinamgonga tangu Jumamosi, elfu ishirini na tatu, na karatasi imo kwenye mfuko wa gauni langu, nimeiandika kwa mkono wangu, Zabibu Kondo, dungu la tatu la kulindia mpunga ukishavuka kijito, upande wa mkono wa kulia, ningetoka sasa hivi nikamkabidhi Mwanaamina dirishani, chukua dada, huyu ni mdogo wangu, msipomkuta mwingine mkuteni huyu, na gari lingeondoka, na boti ingewahi, na hakuna ambaye angeniuliza swali lolote, basi kwa nini nimekaa, kwa nini nimeikalia hii karatasi tangu asubuhi, wee Mwantum wee, una akili sawasawa?

Ningeuliza jenereta kwa nini imewashwa saa tatu na nusu badala ya saa mbili, ningeulaumu mradi unaobana mafuta, lakini hayo ni maneno ya kujifariji, kosa nalijua linakaa wapi, linakaa kwenye mistari kumi na minne ya programu niliyoiandika mwezi wa kumi na mbili, nikajisifu, nikamwonyesha yule mtaalamu Mzungu aliyetuwekea kompyuta, kabla hajarudi kwao, naye akasema safi sana, tena akanipa mkono, na mimi nikaenda kunywa soda mbili pale stendi, msomi wa Dar es Salaam, mtoto wa kijiji cha Mtunda, kompyuta mezani na blauzi ya mtumba iliyopigwa pasi, nikajiona nimemaliza. Na yeye alinifundisha vizuri, siwezi kumsingizia, alisema humu ndani ya hifadhi ya taarifa hatuweki majedwali, hakuna mistari ya majina kama daftari la mahudhurio, humu kila mtu ni kitu kizima kinachoishi kwenye diski, umeme ukizimika kinalala, umeme ukirudi kinaamka vilevile kilivyolala, na vitu vinashikana mikono, mtoto kamshika mama, mama kaishika kaya, kaya inajua ipo wapi, nami nikaenda kumweleza Tamimu, karani wetu wa vijijini, kwamba humu na yeye ni kitu, akanuna kutwa nzima, "Mie kitu, Dada Mwantum? Mie mtoto wa watu, nina mke na mkwe," tukacheka, siku zile tulikuwa bado tunacheka na Tamimu... elfu ishirini na nne... na ukitaka kumpata mtu kati ya elfu sitini huwezi kuwapitia wote kila siku, ni nusu saa na mafuta ya jenereta, kwa hiyo unatengeneza faharasa, kama ile ya nyuma ya kitabu, unafungua ukurasa wa Mtunda unakuta watu wa Mtunda, basi, sekunde mbili. Lakini mtu hajaandikwa kijiji, na hapo ndipo ujanja wangu ulipoanzia, kijiji kimeandikwa kwenye kaya, kwa nini niandike kitu kimoja mara mbili, nikaifanya faharasa ijikokotolee yenyewe, inamuuliza mtu unakaa wapi, mtu anaigeukia kaya yake anaiuliza, kaya inajibu, jibu linaandikwa kwenye ukurasa, safi sana, mkono huu hapa. Na kweli ilikuwa safi, mwezi wa kumi na mbili na wa kwanza wote ilikuwa safi, mpaka mvua zilipochanganya na mpunga ukaanza kusimama, na watu wakafanya wanachofanya kila mwaka tangu babu zao, wakafunga nyumba za juu, wakateremka bondeni na vyungu na kuku na watoto, wakapanda kwenye madungu yao juu ya nguzo kuulinda mpunga dhidi ya nguruwe na ndege, na Tamimu kwa baiskeli yake akawafuata, akajaza fomu, kaya hii imehamia bondeni, kaya ile bondeni, fomu zikaja hapa, zikaingizwa, kaya zikabadilishwa, zote, vizuri kabisa... na faharasa ikaendelea kusema Mtunda, kwa sababu ilishauliza mara moja, nani alikuja kuiambia iulize tena? Hakuna. Mtu mwenyewe hakubadilika hata chembe, iliyobadilika ni kaya, na faharasa haikujua kwamba kaya inaihusu.

"Dakika kumi na mbili, Mwantum! Kama hujamaliza naondoka na hii ya zamani!" ... hii ya zamani, hiyohiyo iliyompeleka Mtunda wiki mbili zilizopita na majina manane ya wajawazito, akakuta milango mitano imefungwa kwa kamba, akarudi hapa na vumbi mpaka kwenye kope, na kwenye kikao akampigia Tamimu meza, "Wewe unajaza fomu ukiwa umelala kwenu, huendi huko unakosema unaenda!" na Tamimu, mtu mzima, akasimama mikono nyuma akasema nilienda dada, wallahi nilienda, na hakuna aliyemsikiliza, wakamnyang'anya baiskeli mpaka uchunguzi uishe, na mimi nilikuwepo, nimekaa kiti cha tatu kutoka mlangoni, nikaandika kwenye daftari langu neno "angalia" nikalipigia mstari chini, mara mbili, kama vile kupiga mstari ni kazi. Siku ile sikujua, hilo naweza kujitetea, lakini Jumanne nilijua, Jumanne nilifungua kaya ya Mama, Bi Mwanahawa binti Saadi, watu wanne, mahali: bondeni, imeandikwa pale, tarehe ya Tamimu, saini ya Tamimu, kisha nikaiuliza faharasa watu wa bondeni nipe, ikanipa sifuri, sifuri, bonde zima la mpunga halina mtu hata mmoja, nikacheka peke yangu, halafu nikaacha kucheka. Jumanne, Jumatano, leo Alhamisi. Siku mbili nimetengeneza kimyakimya nikitumaini nitatoa orodha mpya nzuri na mambo yatajiendea, Tamimu atarudishiwa baiskeli yake bila mtu kukumbuka ilichukuliwa kwa nini, na ndiye yuleyule aliyeniletea salamu za Mama kwa miguu, Jumatatu, kaja kutoka bondeni kwa miguu na kanzu yake imelowa mpaka magotini, "Bi Mwanahawa anasema Zabibu miguu imevimba, nami nimemwona kwa macho yangu, dada, fanya hima," wala hakunitazama kwa ubaya, sasa hivi yuko hapo barazani, nauona mgongo wake kupitia wavu wa dirisha, anangoja aambiwe kama bado ana kazi. Naona haya. Haya kubwa, ya kuingia chini ya meza.

Elfu ishirini na sita mia mbili... hili ghala lilikuwa la ushirika, Baba alikuwa analala nje hapo foleni na magunia ya korosho, sasa ushirika umekufa, korosho wananunua wenye malori barabarani, na ghala limepigwa rangi nyeupe na kuwekewa wavu na kompyuta mbili, lakini ukuta wa nyuma ukipata joto unatoa harufu ileile, na kila ninapoinusa namwona Mama akifunga safari ya bondeni, mwezi wa pili, vyungu viko chini, kuku kwenye tenga, Zabibu mdogo kakaa juu ya mzigo wa mikeka anakula muhogo, kila kitu kiko tayari, na sisi tunapiga kelele twende Mama jua linakuwa kali, na Mama haendi, Mama kwanza anatoka mikono mitupu anapita nyumba kwa nyumba, kwa jirani wa kulia, kwa jirani wa kushoto, kwa shangazi kule chini, "Haya jamani, sie tunateremka," "Mnateremka leo?" "Leo, mkija msitutafute hapa," na wao wanasema nendeni salama na mpunga uje, ndipo anarudi, anafunga mlango kwa kamba, anabeba, tunakwenda, na tukifika kule vilevile, hajaweka hata chungu chini, anapiga hodi dungu la jirani, jamani sie tumefika. Nikamuuliza mwaka mmoja, nilikuwa nimeanza darasa la tano na najiona nina akili, kwa nini tusiende tu, watajua wenyewe wakiona mlango umefungwa, au tutume mtu aje kuaga tukishafika, na Mama akanitazama kama nimesema nataka kupika jiwe, akasema wewe mtoto, ukishaondoka unaaga ukiwa wapi? Kuaga ni ukiwa bado uko...

...bado uko... ngoja.

Ngoja, ngoja, elfu ishirini na saba, niliandika nini jana, nilirekebisha nini, niliandika kaya ikihama ibadilishe mahali pake, kisha iwaite watu wake wote, kila mmoja aende kwenye faharasa ajifute alikokuwa na ajiandike aliko, na nikajaribu na kaya moja nikamwona mtu bondeni nikafurahi nikafunga, sikuangalia Mtunda, mjinga mimi, sikuangalia kama amefutika Mtunda! Hawezi kufutika. Kaya imeshabadilika, faharasa inataka kumfuta, inamuuliza, ulikuwa ukurasa gani, naye anaigeukia kaya yake kama siku zote, na kaya imeshahama, inasema bondeni, basi faharasa inafungua ukurasa wa bondeni kumfuta, haimwoni, inasema hayupo, hakuna cha kufuta, inamwandika bondeni na kwenda zake, na kule Mtunda jina limebaki ukurasani, mtu mmoja sehemu mbili, na hakuna tena atakayelikuta lile la Mtunda maana hakuna anayeikumbuka Mtunda, imekwisha kufutwa kwenye kaya, ameaga akiwa ameshafika, amemuaga nani sasa? Mama, Mama, mwanamke asiyejua skrini ni nini. Ni mistari miwili tu. Wa chini upande juu. Kwanza kaya iwaite watu wake waage, wakiwa bado wako kizingitini, wakati jibu la unakaa wapi bado ni lile la zamani, wajifute, ndipo kaya ibadilike, ndipo wapige hodi upya. Na kama kuna siku mtu atasahau kuaga, maana watu husahau, umeme hukatika katikati, basi faharasa yenyewe iwe na kijidaftari chake pembeni, huyu nilimweka wapi mara ya mwisho, isimtegemee mtu kukumbuka alikotoka. Naliona, naliona lote, Mungu wangu, ni zuri, ni jambo dogo na ni zuri, na mwaka ujao mpunga ukisimama kaya elfu nne zitateremka na faharasa itateremka nazo, hakuna nesi atakayegonga mlango wa kamba, na mradi ukiisha, maana miradi huisha, wakija wengine na kompyuta zao watayakuta haya yamekaa sawa, na moyo unanienda mbio kama wa mtu aliyeona mtu wake sokoni baada ya miaka. Na leo? Leo je? Leo haina shida, leo nimeifuta faharasa nzima nikaianza upya tupu, hakuna jina la zamani la kubaki popote, kila mtu anaulizwa sasa hivi na kaya yake inajibu ilipo sasa hivi, orodha ya leo itakuwa ya kweli, itakuwa ya kweli kabisa, ila inataka dakika kumi na saba na printa.

"Dakika kumi, mdogo wangu, nakuhesabia!" ... na karatasi imo mfukoni. Nikimpa karatasi anaondoka, Zabibu anapimwa leo, labda wanapanda naye boti wanamleta kungojea karibu na hospitali, na mimi nimesalimika, lakini Zabibu ni mmoja, Zabibu ana dada anayekaa mbele ya mashine na Tamimu wa kumbebea salamu kwa miguu, na wale wengine je, wale ambao milango yao Mwanaamina aliigonga wiki mbili zilizopita, na wa vijiji vingine ambavyo hata hakwenda, ambao mimi niliwaacha kwenye nyumba zilizofungwa tangu mwezi wa pili, nao wana miguu yenye kuvimba, nao wako juu ya nguzo wanafukuza ndege na kichwa kinawagonga, na hawana karatasi mfukoni mwa mtu. Siwajui hata majina. Mashine inawajua, wako humo ndani, hakuna aliyepotea hata mmoja, wameshikana mikono kama walivyo, ni mimi tu niliyeharibu njia ya kuwafikia, na njia inatengenezwa sasa hivi, mbele ya macho yangu, elfu ishirini na tisa, mia moja, mia mbili. Lakini nikimzuia akakosa maji? Nikimzuia boti ikakwama, Zabibu naye akakosa, kwa ajili yangu, mara ya pili kwa ajili yangu? Dakika kumi na sita na printa tano, ishirini na moja, hapana, printa haina ulazima! Nitasoma kwenye skrini na Tamimu ataandika, Tamimu ana mwandiko wa haraka kuliko ile takataka, na Tamimu anayajua madungu yote, yeye ndiye atakayesema huyu anza naye, huyu yuko njiani, huyu mpitie mkirudi, aende nao kwenye gari, akae nyuma awaonyeshe, dakika kumi na sita, Mwanaamina anasema dakika kumi lakini namjua, daima anaweka akiba ya dakika chache kwa ajili ya daraja bovu, hizo ndizo nitakazomwomba, ila hawezi kunipa kwa "bado kidogo", bado kidogo nimempa asubuhi nzima, atanipa kwa ukweli au hatanipa, na ukweli wenyewe una Tamimu ndani yake, una kikao kile ndani yake, una siku mbili za kunyamaza kwangu, nao wote watasikia, dereva atasikia, mama muuza vitumbua pale getini atasikia, na jioni mji huu mzima wa Kibiti utajua kwamba msomi amekoroga. Na wajue. Nashangaa jinsi lilivyo jepesi likishafika mdomoni, wajue, nimekoroga na ninakorogoa, mtu akikosea si anasema, ndio kwanza nina miaka ishirini na saba, nitakosea mengi mengine. Nimesimama, nimefika dirishani, Tamimu amegeuka, nesi ameinua mkono wenye saa...

"Dada Mwanaamina, fomu za Tamimu zilikuwa sahihi. Zote. Aliyekosea ni mimi."

"Unasema?"

"Kila kaya iliyoteremka bondeni tangu mwezi wa pili, watu wake nimewaacha huku juu kwenye orodha. Hiyo uliyoshika ni ya milango iliyofungwa. Mdogo wangu Zabibu ni mmoja wao, mwezi wake ni huu na miguu imevimba."

Anaitazama orodha iliyo mkononi mwake. Tamimu amesimama pale barazani. Nyuma yangu mashine inahesabu, sigeuki kuangalia.

"Wengine wangapi?" Mwanaamina anauliza, na sauti yake si ile ya kwenye kikao.

"Sijui bado, dada," nasema. "Ndiyo maana nakuomba usiondoke."